Nokia N95 na Amana Iliyosahauliwa Almarini



Almari za Mji wa Kale zina mengi. Chini ya doti za leso ambazo hazijakatwa, kando ya vyeti vya ndoa na pasi za kusafiria zilizokwisha muda, aghalabu hupatikana kifuko cha plastiki chenye simu kuukuu zisizotumika, na ambazo hakuna aliye radhi kuzitupa. Mara nyingi mojawapo huwa nene kuliko wenzake, ya rangi ya fedha iliyochujuka, na kioo chake huteleza pande mbili: ukikisukuma juu hutokea tarakimu, ukikishusha hutokea vitufe vya muziki. Hiyo ni Nokia N95. Tumeona wiki hii tuizungumze kwa kirefu, kwani ndiyo simu iliyotia kamera ya kweli mikononi mwa familia zetu, na kwa sababu picha ilizozipiga bado zimo ndani yake. Wanaoonekana katika picha hizo wana haki juu yetu, wawe hai au wametangulia mbele ya haki.

Kampuni ya Nokia ya Ufini iliitangaza N95 huko New York mnamo Septemba 2006, na ikaanza kuuzwa Machi 2007. Wakenya wataukumbuka mwezi huo kwa jambo jingine, kwani ndio mwezi M-Pesa ilipozinduliwa. M-Pesa ilitosheka na simu yoyote, hata ile ya tochi; N95 ilikuwa ya wachache. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa takriban Euro 550, fedha ambazo mtu wa mshahara wa kawaida kisiwani hakuthubutu kuzifikiria kwa ajili ya simu. Nyingi zilizofika kwetu zilikuja ndani ya mikoba ya jamaa waliokuwa Dubai, Maskati au Jeddah, pamoja na manukato na vitambaa vya abaya. Zilipomchosha mwenyewe wa kwanza zikashuka kwa mdogo wake, kisha kwa binamu, kisha kwa muuzaji wa simu zilizotumika. Safari hiyo ya kushuka mkono kwa mkono ndiyo inayotushughulisha zaidi, na tutaifikia.

Kwanza tuitendee haki simu yenyewe, maana sifa zake hazikuwa za uongo. Simu nyingi za kamera zilizoitangulia zilipiga picha zenye ukungu, nyuso kama zimechorwa kwa mkaa uliolowa maji. N95 ilikuja na kamera ya megapikseli 5 na lenzi ya Carl Zeiss ya aina ya Tessar. Tessar ni muundo uliobuniwa Ujerumani mwaka 1902, ukiwa na vioo vinne vilivyopangwa kwa hesabu ili mwanga ufike mahali pake bila kutawanyika. Muundo huo wa zaidi ya karne moja ulipunguzwa hadi ukaingia katika chombo chenye uzito wa gramu 120. Isitoshe, kamera ilijilenga yenyewe. Ulibonyeza kitufe nusu, ikatafuta uso ulio mbele yake, kisha ukamalizia kubonyeza. iPhone ya kwanza, iliyotoka Juni mwaka huo huo, ilikuwa na megapikseli 2 tu, haikuwa na taa ya kupigia picha na haikuweza kurekodi video. N95 ilirekodi video ya fremu 30 kwa sekunde, ikatoka laini bila kukatikakatika.

Kwa lugha ya nyumbani, megapikseli 5 zilikuwa na maana moja kubwa: picha ya simu iliweza kuchapishwa. Ilitoka safi kwa ukubwa wa inchi 6 kwa 8, ikatiwa fremu na kutundikwa ukumbini, na mgeni asijue kuwa haikupigwa studio. Na hakika jua la Mombasa liliisaidia. Katika vichochoro vya Kibokoni na Ndia Kuu, asubuhi au baada ya swala ya alasiri, mwanga huingia kwa pembeni, ukagusa mlango wa nakshi na uso wa mtoto kwa upole. Adhuhuri ni habari nyingine, nusu ya uso huungua na nusu ikawa kiza.

Ilikuwa na aibu zake pia. Taa yake ilikuwa dhaifu. Usiku, aliyekaa mbali kidogo alitoka mweusi kama kivuli. Nokia yenyewe ililitambua hilo, na baadaye mwaka huo huo ikatoa N82 yenye taa ya xenon inayomulika kama kamera halisi. Uwezo wa kukuza kitu mara ishirini ulioandikwa kwenye sanduku haukuwa na faida yoyote, kwani ulikuza doa na si picha. Na betri, ya mAh 950, ilikuwa ikimalizika kabla ya Isha kwa mtu aliyeitumia mchana kutwa.

Ilisifiwa vilevile kwa GPS, na wapo waliodhani kwamba itawaonesha Qibla. Haikuwa na dira ndani yake. Ilijua mahali ulipo, lakini haikujua unaelekea wapi. Kwa bahati njema mtu wa Mombasa hakuihitaji kwa hilo. Makka na kisiwa chetu viko karibu kabisa katika mstari mmoja wa longitudo, kama nyuzi 39.8 kwa 39.7 mashariki, basi anayeijua kaskazini ya Mombasa ameijua Qibla.

Ili tuelewe ni kitu gani hasa kilichobadilika, yatupasa tukumbuke picha ilikuwa vipi kabla yake. Picha ilikuwa na mlango wake. Watu waliazimia, wakavaa, wakaenda studio. Mombasa ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na Parekh Studio, ambako familia na maarusi walisimama mbele ya pazia lililopangwa na taa zilizopimwa. Lamu nako watu walimjua Omar Said Bakor na Bakor Studio yake. Roli moja la filamu lilikuwa na picha 36 kwa wingi, na kila moja ilikuwa na gharama ya kusafishwa na kuchapishwa, kwa hivyo mtu alifikiri kabla ya kupigwa. Nakala zilikuwa mbili au tatu. Picha ya mwanamke aliyejipamba iliingia albamuni, albamu ikaingia almarini, na ufunguo wa almari ukafungwa pembeni mwa leso ya bibi. Aliyetaka kuiona ilimbidi amwombe bibi, na bibi alijua nani wa kuoneshwa na nani wa kupewa chai tu.

Tusiwapambe wazee kupita kiasi. Filamu yenyewe ilibaki studio, mikononi mwa mtu baki, na stara ya familia ilitegemea uaminifu wake. Lakini mtu huyo alijulikana jina, duka lake lilijulikana mtaa, na lau angefanya khiana angemwendea nani kesho?

N95 iliwaondoa walinzi hao wote kwa pamoja. Gharama iliondoka, kwani picha ya mia ilikuwa bure kama ya kwanza. Studio iliondoka. Albamu iliondoka, na pamoja nayo ufunguo wa bibi. Hata ndani ya zile megabaiti 160 za simu yenyewe, mbali na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyotiwa ubavuni, ziliweza kukaa picha mia moja na ushei, na aliyezibeba alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyeipenda simu yake kuliko alivyoulinda mfuko wake.

Katika miaka ile ya mwanzo picha hazikusafiri mbali. Intaneti yetu ilitegemea satelaiti, ikawa ghali na nzito. Waya wa chini ya bahari wa TEAMS, utokao Fujairah, uliwasili Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo picha ilipita kwa Bluetooth, simu kwa simu, watu wakiwa wamekaa baraza moja. Hapo kulikuwa na kheri yake. Kamera ya N95 iliweza kulenga kitu kilicho umbali wa sentimita kumi tu, na wapaka hina na piko wakaijua faida hiyo mapema: mchoro mzuri wa kiganja ulipigwa kwa karibu, kila jani na kila nukta ikasomeka, ukapelekwa kwa shoga aliyeketi upande wa pili, na jioni ukawa mkononi mwa mwari mwingine. Palikuwa pia na waya wa kuunganisha simu na runinga, nao uliwafurahisha wengi. Ulichomekwa kwenye tundu lile lile la visikizi, na picha za Idi za Makadara, watoto na bembea zao, zikaonekana ukumbini mbele ya nyumba nzima.

Lakini sote tunajua ni wapi kamera ya mfukoni ilipoleta tabu. Usiku wa kupamba, wanawake huvua mabuibui wakijua kwamba mlango umefungwa na walio ndani ni wanawake watupu. Bibi arusi hukaa jukwaani nywele wazi, mikono imechorwa, nguo ya kumuonesha mama yake na mashoga zake. Starehe ya usiku ule yote imejengwa juu ya itikadi moja, kwamba kilicho ndani hakitoki. Tumefundishwa kwamba kikao ni amana, na Surat An-Nur imetufunza adabu ya kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Mwenye kumpiga picha mwanamke aliyevua buibui bila idhini yake amewafungulia mlango watu ambao hakuwaita. Hatukusudii hapa kuingia katika hitilafu za maulamaa juu ya picha yenyewe. Hilo lina wenyewe wa kuulizwa. Juu ya kupeleka nje sura ya mwanamke bila ridhaa yake, hatujamsikia anayehitilafiana.

Kumbi zetu zilijifunza kwa uchungu. Leo ni kawaida kumkuta mwanamke mlangoni akikusanya simu na kuzitia nambari, au mwaliko ukikataza kamera waziwazi, na mpiga picha akawa mwanamke aliyekubaliwa na familia. Wageni kutoka bara huona ajabu. Utaratibu huo ulizaliwa pale picha ya ukumbini ilipoweza kuonekana safi nje ya ukumbi.

Kuna jambo dogo katika umbo la simu hii ambalo tunaona halikupewa uzito wake. N95 ya kwanza ilikuwa na kifuniko mbele ya lenzi, kipande cha kusukuma kwa kidole. Ukikifungua, kamera huwaka, ukikifunga, huzimika. Aliyeketi mbele yako aliona wazi kama jicho limefumbwa au limefumbuliwa. Oktoba 2007 ikaja N95 8GB, nyeusi, yenye kioo kikubwa zaidi na betri bora ya mAh 1200, na kifuniko kile kikaondolewa. Watengenezaji walipata nafasi ya betri. Sisi tulipoteza alama ya adabu, na hadi leo simu nyingi hukaa macho wazi.

Toleo hilo la 8GB lilibadilisha jambo la pili, na ndilo lenye hatari iliyo hai hadi sasa. Katika N95 ya kwanza, mwenye kutaka kuiuza aliweza kuchomoa kadi ya kumbukumbu akabaki na picha zake. N95 8GB haina nafasi ya kadi. Hifadhi yote imo ndani ya simu, na simu ikitoka nyumbani, picha zimetoka. Tunamjua mama mmoja wa Mji wa Kale ambaye mwanawe aliiuza simu ya namna hiyo kwa muuzaji wa mitumba, akiwa ametoa laini tu na kudhani ameisafisha. Ndani yake mlikuwa na picha za kupamba ya dada yake. Miezi kadhaa baadaye picha mbili zilionekana katika simu ya mtu asiyehusiana nao kwa lolote. Hakuna aliyedhamiria ubaya. Bibi arusi yule alikaa muda mrefu haendi arusini, na mama hadi leo hulizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, kama anayetaja msiba.

Na kuna upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo. Katika nyumba nyingine tunayoijua, picha ya pekee ya bibi mzaa baba akiwa anacheka, si ile ya kitambulisho aliyokunja uso, imo ndani ya N95 ambayo haijawaka kwa miaka. Wajukuu wanajua kwamba imo. Wanaogopa kuipeleka kwa fundi kwa sababu ndani yake zimo pia picha za mama zao. Simu imekaa hivyo, haitupwi wala haifunguliwi, na betri inaendelea kuvimba.

Kwa hivyo tumekusanya yale ambayo familia inaweza kuyafanya yenyewe, mlango umefungwa, bila kumtia fundi ndani ya picha.

N95 haichajiki kwa waya wa kompyuta. Huchajiwa kwa chaja ya Nokia yenye pini nyembamba, ambayo bado hupatikana, na picha hutolewa kwa waya mwingine wa mini-USB, ule wa kichwa kinene kidogo uliotumika pia kwenye kamera za zamani. Betri ya N95 ya kwanza ni BL-5F, ya 8GB ni BL-6F. Ukipata nyingine mahali pa kuaminika, usiihangaikie iliyovimba. Simu ikiwaka, kompyuta itaiona kama hifadhi ya kawaida, na picha ni za JPEG zinazofunguka popote. Ikiwa ni N95 ya kwanza, hata kuiwasha si lazima: kadi yake ya kumbukumbu hutoka ubavuni na husomwa na kisoma kadi cha bei nafuu. Ila kumbuka kwamba baadhi ya picha huenda zilihifadhiwa ndani ya simu yenyewe, si kwenye kadi.

Baada ya kutoa picha, kufuta nako kuna elimu yake. Kubonyeza *#7370# na kuingiza namba ya siri, ambayo kwa asili ni 12345, hurudisha simu katika hali ya kiwandani, lakini ile hifadhi kubwa ya N95 8GB huhitaji kufutwa peke yake kupitia orodha ya mafaili. Na kilichofutwa hakijaondoka kweli hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi mwenye programu ya kufufua mafaili anaweza kukirejesha. Njia nyepesi ni hii: ukishafuta, elekeza kamera ukutani, anza kurekodi video, na urudie kurekodi mpaka hifadhi ijae. Kisha ifute nayo. Anayezifufua baadaye atapata ukuta. Simu isiyowaka kabisa, hasa ya 8GB, isiuzwe wala isitolewe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Betri itolewe kwanza, isitobolewe wala kutiwa motoni, kisha bati la ndani livunjwe.

Tukizungumzia haki, wasomaji wajue kwamba hata sheria ya nchi imesema. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni taarifa yake binafsi. Dini ilikuwa imetangulia, lakini si vibaya binti zetu wakajua kwamba wana pa kushtaki.

Zaidi ya ufundi, lililo gumu ni nani akae mbele ya kompyuta. Rai yetu ni kwamba kazi hii si ya kijana wa nyumba, hata awe hodari vipi, ikiwa inajulikana kuna picha za kupamba ndani. Aifanye mwanamke, na akae naye mwanamke mwingine mtu mzima anayewatambua waliomo. Picha za watu wa nyumba zitengwe. Picha za wageni, zile za mashoga na majirani waliopigwa wakipita, ziulizwe wenyewe: atakaye apewe yake, asiyetaka ifutwe mbele ya macho yake. Za marehemu wanawake zibaki kwa wanawake, na zile walizopenda wenyewe zichapishwe, kwani karatasi iliyo albamuni haihitaji chaja.

Na ukibahatika kuupata ule waya wa zamani wenye vichwa vitatu, wa njano, wa mwekundu na wa mweupe, usiutupe. Runinga nyingi za nyumbani bado zina matundu yake. Kioo cha N95 ni inchi 2.6 tu, na mabibi waliopigwa picha mwaka 2007 wakiwa na macho makali hawawezi tena kujiona humo. Ukumbini, mapazia yameteremshwa na wanaume wamekwenda msikitini, wataona vizuri.